Kijana aliyeishia njiani aanzie wapi? VETA, FDC, QT, IPOSA na mkopo wa halmashauri

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, na kila halmashauri inapobandika tangazo la mikopo, ushauri hujaa mitaani. Mmoja anasema kijana apelekwe VETA. Mwingine anasema apige QT, mtihani wa kumfungulia njia ya kidato cha nne. Wa tatu ana shemeji Mbalizi aliyepata hela za vijana akajenga banda la kuku, basi anataka kila mtu afuge kuku. Tangu mkondo wa amali, yaani wa ufundi na ujuzi wa kazi, uanze kufundishwa sekondari mwaka 2024 mambo yamezidi kuchanganyika. Wapo wanaodhani amali ni VETA iliyobadilishwa jina, na wapo wanaodhani aliyeacha shule zamani anaweza kwenda kuomba nafasi huko akiwa na miaka 22. Haiwezekani. Amali ni mkondo ndani ya sekondari, wa mtoto anayeingia kidato cha kwanza. Kwa aliyekwisha kutoka kwenye mstari huo, njia ni nyingine.

Ushauri wa mtaani unaweza kuwa sahihi wote, ila si kwa mtu mmoja. Ni kama stendi ya Nane Nane pale Mbeya: magari yamepangwa ubavu kwa ubavu, wapiga debe wote wanaita kwa nguvu, lakini la Kyela haliwezi kukufikisha Makambako hata ukiwahi siti ya mbele.

Kijana asiye shuleni na asiye na kazi ya kueleweka anaweza kuwa anakosa kimoja kati ya vitu vinne: cheti cha shule, ujuzi wa mikono, karatasi ya kuthibitisha ujuzi alionao tayari, au mtaji. Kila mpango hutoa kimoja, mara chache viwili. Miaka hupotea pale anapopewa kimoja ilhali anachokosa ni kingine. Binti anayeshona vizuri tangu ana miaka 16 anaambiwa akaanze ushonaji upya chuoni. Kijana asiyejua kazi yoyote anaingizwa kwenye kikundi cha mkopo kwa sababu tu kilikuwa na nafasi ya mtu wa tano.

Na huku Nyanda za Juu Kusini kuna uzito wa ziada. Utafiti wa taifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022–2023 ulionesha maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, mikoa mitatu iliyo juu kuliko yote nchini. Nyuma ya takwimu hizo zipo nyumba ambazo mtoto mkubwa ndiye mlezi. Mwambie kijana wa namna hiyo akakae bweni miaka mitatu, atakuitikia kwa heshima kisha hatakwenda, maana wadogo zake watakula nini? Ukiongeza mabinti wa Iringa na Njombe waliokwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani wakarudi na mtoto, vijana waliotoka gerezani, na wanaojinasua kwenye dawa za kulevya, utaona kwa nini swali la kwanza la kumuuliza kijana ni "unaweza kukosekana nyumbani saa ngapi kwa siku, na kwa miezi mingapi?" Kozi ije baadaye.

Majina na kazi zake

VETA ni Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mtaani limekuwa jina la kila chuo cha ufundi, hata cha vyumba viwili nyuma ya gereji. Ukweli ni kwamba VETA ina vyuo vyake, Mbeya na Iringa vikiwemo, na pembeni vipo vya makanisa, mashirika na watu binafsi, kama Don Bosco ya Iringa. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, anayesajili na kusimamia vyote ni NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Kwa hiyo unapofika chuoni usiulize kama ni VETA. Uliza namba ya usajili wa NACTVET, kisha uliza kama kozi unayoitaka nayo imo kwenye usajili huo. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa ushonaji kikawa kinakusanya ada ya umeme.

FDC ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vilianza mwaka 1975 kwa kuiga vyuo vya wananchi vya Sweden, na sasa viko 54 chini ya Wizara ya Elimu. Huku kwetu kuna Nzovwe ndani ya Jiji la Mbeya, Katumba wilayani Rungwe, Ilula kule Kilolo, na Njombe na Ulembwe mkoani Njombe. Wengi huvidharau kwa kudhani ni mahali pa wazee kujifunza kusoma. Vinafundisha ufundi ule ule, useremala, ushonaji, magari, umeme, kilimo na mifugo, mara nyingi kwa masharti laini zaidi ya kuingia.

TEWW, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, nayo ni ya mwaka 1975. Ndiyo iliyo nyuma ya sekondari kwa njia mbadala, na ndiyo yenye IPOSA, mpango wa elimu changamani kwa vijana walio nje ya shule. IPOSA humpokea mwenye miaka 14 hadi 19 na kumchanganyia vitu vinne: kusoma, kuandika na kuhesabu kwa anayehitaji, stadi za maisha, ufundi wa awali na ujasiriamali. Haitoi cheti cha kidato cha nne, na hata ufundi wake ni wa kuonja. Mwenye miaka 17 ambaye hajawahi kushika kazi yoyote, hapa ni mahali pazuri pa kugundua kama mikono yake inapenda mbao au nyaya. Mwenye miaka 24 amekwisha kuchelewa, na ni bora aambiwe mapema kuliko kuzungushwa.

QT ni Mtihani wa Maarifa wa NECTA, Baraza la Mitihani. Urasimishaji ujuzi ni kupimwa na kupewa cheti kwa kazi uliyojifunzia mtaani. Mkopo wa halmashauri ni ile asilimia kumi ya mapato inayotengwa kwa vikundi. Hivi vitatu ndivyo vinavyozua maneno mengi zaidi, na kila kimoja kina sehemu yake huko mbele.

Kwanza karatasi

Vijana wengi hukwama mwaka mzima kabla hata ya kufika chuoni, na wanakwama kwenye majina. Chukua binti mmoja. Cheti chake cha darasa la saba kinasema Esta. Cheti cha kuzaliwa, kilichotafutwa baadaye kwa haraka, kinasema Ester. NIDA, wanaotoa kitambulisho cha taifa, wameandika Ester na katikati wameweka jina la babu ambalo shule haikuwahi kulisikia. Mtaani huyo ni mtu mmoja. Kwenye mfumo wa maombi ni watu watatu.

Mpango wa kusajili vizazi vya watoto wa chini ya miaka mitano ulipoanza mkoani Mbeya mwaka 2013, aliyekuwa amekwisha kuvuka umri huo hakuguswa. Ndio hao hao ambao leo wana miaka 18 na kuendelea, wanaotafuta vyeti vya kuzaliwa ukubwani. Fuata mpangilio huu: anza na cheti cha shule hata kama ni cha darasa la saba, kachukue shuleni kama kilibaki huko, na usome kila herufi. Kisha omba cheti cha kuzaliwa RITA, kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwa majina yale yale. NIDA iwe ya mwisho, kwa kunakili kutoka kwenye hivyo viwili. Kujiandikisha NIDA mara ya kwanza hakuna malipo. Aliyekwisha kukosea mpangilio atahitaji kiapo cha majina au kurekebisha taarifa, na arekebishe iliyo rahisi kubadilika. Cheti cha mtihani wa taifa ndicho kigumu kuliko vyote, hivyo ni kawaida kuyaleta mengine yakifuate.

Ongeza barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji na picha ndogo. Weka nakala tatu za kila kitu kwenye bahasha ya plastiki. Mvua ya Tukuyu haina adabu kwa karatasi.

QT: inachofungua na isichofungua

Kosa kubwa kuhusu QT ni kudhani ukiifaulu una kidato cha nne. Huna. QT hupima masomo ya kidato cha kwanza na cha pili, na kazi yake ni kukupa ruhusa ya kukaa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyeishia darasa la saba, au aliyeacha shule kidato cha kwanza, hupita hapo. Kwenye vituo vya njia mbadala masomo hugawanywa hatua mbili: ya kwanza ni kidato cha kwanza na cha pili kwa mwaka mmoja, ya pili ni cha tatu na cha nne kwa mwaka wa pili. Miaka minne inabanwa kuwa miwili, na hisabati na Kiingereza haviwi vyepesi kwa sababu muda ni mfupi.

Aliyekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne akapata ziro hahitaji kurudi QT. Anarudia masomo moja kwa moja kama mtahiniwa wa kujitegemea. Bado kuna vituo vinavyowaandikisha watu wa namna hiyo QT ili kukusanya ada ya mwaka wa ziada, kwa hiyo ukiambiwa hivyo uliza sababu.

Jambo la pili linaumiza zaidi. Kulipa ada ya kituo cha masomo ya jioni hakukusajili NECTA. Ni malipo mawili tofauti, kwa watu wawili tofauti. Usajili wa mitihani hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani hufanyika Novemba. Kijana anayekuja kugundua mwezi wa nane kwamba kituo kilikula pesa ya usajili hana pa kukimbilia, anasubiri mwaka mwingine. Kabla mwezi wa tatu haujaisha, dai namba yako ya mtihani na karatasi ya usajili yenye picha yako. Ukiona wanakuzungusha kwa "mfumo unasumbua" wiki ya tatu mfululizo, nenda kwa Afisa Elimu ya Watu Wazima wa halmashauri.

Je, kila kijana anahitaji cheti cha kidato cha nne? Hapana. Kwa anayetaka ajira ya serikali, jeshi, uuguzi au stashahada ya ufundi pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ndiyo, anakihitaji. Kwa anayetaka kutengeneza breki za malori pale Tunduma mwaka ujao, QT ni mzunguko mrefu. Anaweza kuanza ufundi na darasa la saba lake, kidato cha nne akakifanya jioni akiwa tayari anaingiza pesa.

VETA: ada ndogo, gharama kubwa

Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA imekuwa Sh60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na Sh120,000 kwa wa bweni. Mzazi akisikia hivyo hufurahi, kijana akapelekwa, na ikifika Mei amerudi nyumbani. Kilichomrudisha si ada.

Piga hesabu ya wa kutwa anayetoka kijiji cha Chunya kuja mjini. Tuseme chumba ni Sh30,000 kwa mwezi. Kwa miezi kumi ni Sh300,000, mara tano ya ada, na bado hajala. Weka ovaroli, viatu vya usalama, madaftari, michango iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga, na vifaa vya mkono anavyotakiwa kuja navyo. Fomu ya kujiunga ndiyo isomwe kwa kalamu mkononi, mstari kwa mstari, siyo tangazo la nafasi. Mwenye bahati ya kupata bweni aangalie kama chakula kimo ndani ya malipo. Halafu kuna kipindi cha mafunzo kwa vitendo kiwandani au gereji, ambapo mwanafunzi hulala nje ya chuo na mara nyingi halipwi. Familia nyingi hazikupanga pesa ya miezi hiyo kabisa.

Kozi ndefu kwa kawaida huanza Januari, na maombi hufanyika nusu ya pili ya mwaka unaotangulia. Anayekuja na begi Januari bila kuomba anarudi nalo. Ngazi ni tatu, na kila ngazi ina cheti chake, hivyo aliyekwama fedha baada ya ngazi ya kwanza asihesabu kwamba amepoteza: anaweza kufanya kazi, akarudi ngazi ya pili. Hili halisemwi vya kutosha. Vijana huacha katikati ya ngazi, wakati wangevumilia miezi mitatu tu wangekuwa na karatasi mkononi.

Kozi fupi ni kitu kingine. Ni za wiki chache hadi miezi kadhaa, ada yake hupangwa kwa kozi, na ukigawa kwa mwezi mara nyingi ni ghali kuliko ile ndefu. Zinamfaa anayejua kazi tayari na anataka kipande kimoja, kwa mfano fundi magari anayetaka mifumo ya umeme wa gari. Kwa asiyejua kitu, wiki sita za umeme humfanya awe hatari kwa nyumba za watu.

Serikali nayo hutangaza mara kwa mara nafasi za uanagenzi, ambapo ada hulipiwa na kijana hujifunza kwa muda wa kama miezi sita. Matangazo hukaa siku chache tu. Anayeyawahi ni yule ambaye karatasi zake ziko kwenye ile bahasha.

Kuhusu kuchagua fani, mtindo wa kumwuliza kijana "unapenda nini" una mipaka yake, hasa kama ameona kazi tatu tu maishani. Azunguke wiki moja anakokusudia kufanyia kazi. Ahesabu. Mtaa una cherehani ngapi zisizo na kitambaa juu yake? Barabara ya Mbeya hadi Tunduma ina malori mchana na usiku, na gereji ya malori haikosi kazi. Mafinga ina mbao za Sao Hill, lakini wapasuaji ni wengi na wanaojua kumalizia, kupiga msasa, kupaka na kufunga makabati ya jikoni, ni wachache. Rungwe na Njombe zina parachichi, ambayo inataka mtu wa kubebesha miche, kupogoa na kuvuna bila kupiga matunda chini, na kazi hizo zina msimu. Umeme wa majumbani unaheshimika, lakini una sharti: kufunga umeme kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na bila cheti leseni huipati. Fundi umeme asiye na leseni hubaki kufanya kazi chini ya jina la mwenzake na kugawana naye hela.

Aliyejifunzia gereji

Hapa ndipo urasimishaji ujuzi unapokuja, na kwa maoni yangu ndio mlango unaotumika kidogo kuliko inavyostahili. Unamhusu aliyefanya kazi kwa miaka bila kukaa darasani: fundi wa kuchomelea wa Soweto, mwashi wa Ipogolo, mpishi wa hoteli ya stendi. VETA humpima, humfundisha kwa muda mfupi pale alipopungukiwa, kisha humpa cheti cha ngazi anayostahili.

Watu hudhani atapewa karatasi ya maswali afeli. Kipimo kikubwa ni kazi yenyewe. Fundi wa kuchomelea anapewa vipande viwili vya chuma na mchoro, aunge kwa pembe mraba. Mpimaji anaanza kuangalia kabla cheche haijatoka. Amevaa kioo cha kuchomelea au amekunja uso tu kama alivyozoea? Waya wa mashine umechubuka, ameuona? Amesafisha kutu pale pa kuungia? Amepima kwa skwea au kwa jicho? Akimaliza, je, amegonga lile gamba la juu ya mshono ili mshono uonekane, au ameacha na kulifunika kwa rangi?

Wanaoanguka mara nyingi huanguka hapo, kwenye usalama na kwenye kusoma mchoro. Mkono wao hauna shida. Mtaani mteja huja na picha kwenye simu, hakuna aliyewahi kumpa fundi mchoro wenye vipimo vya milimita. Kwa hiyo anayejiandaa aombe rafiki aliyepita chuo amfundishe kusoma mchoro jioni tatu nne, na aanze kuvaa vifaa vya kinga wiki kadhaa kabla, visije vikamzuia kuona siku ya kipimo. Aende pia na ushahidi: picha za mageti aliyotengeneza, barua ya mwenye gereji inayotaja tangu mwaka gani amekuwa hapo, majina ya wateja wawili wanaokubali kupigiwa.

Faida yake? Zabuni ndogo za shule na zahanati, ajira kwenye kampuni za ujenzi, na uwezo wa kuendelea ngazi ya juu bila kuanza mwanzo.

Mwenye mtoto, na mwenye dozi

Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliruhusu aliyeacha shule kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, kurudi ndani ya miaka miwili. Bado kuna wazazi wanaoamini binti aliyezaa amefutwa, na kuna walimu wachache wanaowaacha waendelee kuamini hivyo. Aliyepitisha miaka miwili ana sekondari ya njia mbadala. Kupitia SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, wasichana wa namna hii wamekuwa wakisoma bila ada kwenye vituo vya TEWW. Miradi huwa na mwisho, kwa hiyo uliza kama nafasi za mwaka huo zipo kabla ya kumpa binti matumaini.

Kwa anayetaka ufundi, FDC zina jambo moja ambalo vyuo vingi havina: kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, zilianzisha malezi ya watoto chuoni, mama akiwa darasani mtoto anaangaliwa. Ukienda kuuliza nafasi, usiishie kuuliza kama malezi yapo. Uliza wanapokea mtoto wa umri gani, uji unaletwa na nani, na mtoto akiumwa nani anaitwa. Binti anayeacha kozi mwezi wa pili mara nyingi ameachishwa na moja ya hayo matatu.

Kijana anayetibiwa uraibu wa heroini katika kliniki ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ana ratiba ambayo chuo hakiijui. Dawa ya methadone kwa kawaida hunywewa kliniki, kila siku. Akipangiwa bweni Iringa, mmempa kuchagua kati ya ufundi na matibabu, na atapoteza vyote viwili. Huyo apewe mafunzo ya kutwa ndani ya jiji, au awekwe kwa fundi anayejua kwamba atafika saa nne baada ya kliniki. Afisa Ustawi wa Jamii ndiye wa kuongea na fundi huyo, na aongee kwa idhini ya kijana mwenyewe.

Asilimia kumi: hesabu yake na mahali inapokwama

Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ukiondoa yale yaliyolindwa kwa matumizi maalumu, kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejea 2024 na kanuni mpya. Maombi hupitia mfumo wa Wezesha, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye mtu wa kwanza kumwona.

Watu husikia asilimia 4 na kufikiri ni mfuko usio na mwisho. Tuchukue halmashauri ya mfano yenye mapato ya ndani ya Sh bilioni 5. Vijana wanapata Sh milioni 200. Vikundi 40 vikipewa sawa, kila kimoja kina Sh milioni 5. Kikundi cha watu watano, kila mtu ni Sh milioni moja. Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia, maana wakishaona hesabu hiyo wanagawana. Wa kwanza ananunua simu, wa pili analipa deni la dawa za mama, wa tatu anavuka Tunduma na hasikiki tena. Deni linabaki la kikundi. Aliyebaki mtaani ndiye anayefuatwa na mtendaji, hata kama yeye ndiye pekee aliyenunua mashine.

Siyo zawadi, na haijawahi kuwa. Maneno ya "hela ya serikali hairudishwi" yamewafungia mlango vijana waliofuata, kwa sababu mfuko unazungushwa: usiporudi, mwaka ujao wanaopata ni wachache.

Kikundi kinachodumu huanza kabla ya mkopo. Watu watano wa fani moja au zinazotegemeana, ambao tayari wanachangishana kila wiki, hata Sh2,000, kwa miezi sita. Daftari la michango liwepo, lenye saini. Huyo afisa wa kata akilifungua anaona mengi kuliko andiko la mradi lililochapwa steshenari. Mkopo uombwe kwa kitu kimoja kinachoshikika, mashine ya kuranda mbao au jenereta na vifaa vya saluni, na kilipwe moja kwa moja kwa muuzaji pale inapowezekana. Kabla ya kuomba, jibuni kwa maandishi mashine italala wapi, nani ana ufunguo, na ikiharibika nani anatengeneza. Kikundi kisichoweza kukubaliana kuhusu ufunguo hakitakubaliana kuhusu rejesho.

Aliyemaliza chuo jana na hana wenzake, au hajapata mteja hata mmoja, asikimbilie mkopo. Afanye kazi kwa mtu miezi sita ya kwanza, hata kwa posho, ajue bei na ajulikane. SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Mbeya hutoa mafunzo ya biashara ndogo na ushauri wa mashine, na mara nyingi inafaa kupita huko kabla ya kuandika kiasi gani kinaombwa.

Mawakala wa kazi

Mabinti wa Mufindi na Kilolo bado wanachukuliwa na "dada" anayejua kazi Dar es Salaam, na siku hizi nje ya nchi. Anayeomba pesa ili akupe kazi, anayeshika kitambulisho chako, au asiyetaka mwenyekiti wa mtaa ajue mnaondoka lini, usimfuate. Mwenye nia njema hana tatizo kuacha namba ya mwajiri na mahali kazi ilipo kwa mama mzazi. Kwa mwenye cheti, huduma ya ajira ya serikali, TaESA, huunganisha watafuta kazi na waajiri bila kutoza.

Kwa kijana ambaye mpaka hapa hajui aanzie wapi, ofisi ya kata ina watu wawili wa kuona siku moja: Afisa Elimu Kata kwa habari za QT na IPOSA, na Afisa Maendeleo ya Jamii kwa habari za FDC, vikundi na mikopo. Nenda asubuhi ya siku isiyo ya vikao, na uende na ile bahasha. Mmoja wao akikosekana, acha jina na namba ya simu kwa mtendaji, uulize siku gani yupo, na urudi siku hiyo.